Kuchanganya matabaka ya katuni kwa modi za kawaida: kutoka Krita hadi Synfig na Blender

Kila kundi jipya la vijana wanaoanza kuchora katuni hapa Kampala huja na maswali yaleyale. Mbona kivuli changu kimekuwa kama majivu? Mbona taa ya boda boda haiangazi? Mbona kazi niliyomtumia mwenzangu wa Gulu imefunguka kwake ikiwa na rangi nyingine? Yote matatu yanarudi kwenye jambo moja, yaani modi ya kuchanganya matabaka (tabaka ni kama karatasi inayopitisha mwanga, iliyowekwa juu ya nyingine): kanuni inayoiambia programu rangi ya tabaka la juu ikutane vipi na rangi iliyo chini yake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Krita, programu ya kuchorea tutakayoitumia hapa, ina makumi ya modi hizi, na anayeanza huzijaribu moja baada ya nyingine mpaka aone inayompendeza macho. Usifanye hivyo. Shika chache tu zilizo za kawaida, zile ambazo hesabu yake imeandikwa na kukubaliwa. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lina orodha ya modi 16, na majina hayohayo yalikuwa tayari ndani ya PDF 1.4 ya mwaka 2001. Ukibaki humo, kazi yako inaweza kuhama kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kuharibika. Hilo ni kubwa kwetu, kwa sababu katuni nyingi hapa zinatengenezwa na watu watatu wanne, kila mmoja na mashine yake na programu yake.

Majina ya menyu nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Ya GB 4 pia itafanya kazi, ila chora kwa ukubwa wa 1280×720. Fremu moja ya tabaka moja kwa 1920×1080 ni kama MB 8.3 kabla ya kubanwa. Kwa 1280×720 ni kama MB 3.7. Zidisha kwa matabaka sita na fremu hamsini, utaelewa kwa nini mashine inasimama.
- Krita 5.2 au mpya zaidi, kutoka krita.org. Ni ya bure. Kuanzia toleo hilo FFmpeg, programu ya kutengeneza video, imo ndani, huhitaji kuitafuta kwingine ili kutoa video. Kama bando ni tatizo, mmoja aipakue na wengine wachukue kwa flashi.
- Tableti ya kuchorea ukiwa nayo. Kwa zoezi hili hata kipanya kinatosha.
- Hifadhi ya kiotomatiki iwe imewashwa: ingia Settings, kisha Configure Krita, sehemu ya General, na upunguze dakika. Umeme ukikatika usiku, utapoteza mistari michache badala ya kazi ya siku nzima.

Mfano wetu ni tukio moja fupi: boda boda inapita barabara ya udongo mwekundu usiku, pembeni kuna kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na sigiri yenye makaa. Tukio hili lina kivuli, giza, taa na moto, na kila kimoja kina modi yake.

Hatua ya 1. Fungua faili kwa rangi sahihi

Nenda File, kisha New. Weka 1280×720, Model iwe RGB/Alpha (alfa ni sehemu inayohifadhi uwazi wa picha), Depth iwe 8-bit integer, na Profile iwe sRGB-elle-V2-srgbtrc.icc. Halafu Window, Workspace, Animation, ili upate ratiba ya fremu chini ya skrini.

Onyo: usichague profaili inayoishia na g10. Hiyo ni ya mwanga wa mstari, ambamo namba za rangi hufuata kiasi halisi cha mwanga. Ina kazi zake nzuri, lakini modi zilezile zitakupa matokeo tofauti, na mwenzako aliye kwenye sRGB ya kawaida hataona unachokiona wewe.

Hatua ya 2. Pima kwa kijivu viwili kabla ya kuchora chochote

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Jaza tabaka la chini kwa kijivu cha 200, yaani nyekundu, kijani na bluu zote 200 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Weka tabaka jipya juu yake, ulijaze kijivu cha 128. Sasa badilisha modi ya tabaka la juu, na kila mara usome rangi kwa kifaa cha Color Sampler, kitufe P, kikiwa kimewekwa kusoma matabaka yote yanayoonekana.

Namba unazopaswa kupata:

- Multiply: 100
- Screen: 228
- Addition: 255
- Difference: 72
- Overlay: 200, yaani haibadiliki, kwa kuwa kijivu cha katikati hakigusi kitu kwenye Overlay

Tofauti ya namba moja juu au chini ni ya kukadiria tu, iache. Lakini Screen ikikupa kama 213 na Addition kama 230, basi faili lako liko kwenye mwanga wa mstari. Rudi hatua ya 1. Angalia sana hapa: Multiply pekee haitakufichulia kosa hilo, kwa sababu itatoa kama 99, na utadhani mambo ni shwari. Pima Screen na Addition.

Mwenzako anayetumia programu nyingine na afanye kipimo hikihiki kwake. Namba zikilingana, mnaweza kupeana kazi. Zisipolingana, mmejua kabla ya kuchora fremu mia.

Hatua ya 3. Weka modi tano kwenye vipendwa

Fungua orodha ya modi iliyo juu ya paneli ya Layers. Kando ya kila jina kuna kisanduku. Ukikitia alama, modi hiyo hupanda kwenye Favorites juu kabisa. Tia alama tano hizi:

- Normal: rangi ya juu inafunika ya chini.
- Multiply: inatia giza. Nyeupe hupotea.
- Screen: inatia nuru. Nyeusi hupotea.
- Overlay: palipo na giza panazidi giza, palipo na nuru panazidi nuru.
- Addition: inajumlisha mwanga mpaka mweupe kabisa. Hii haimo kati ya zile 16, lakini Krita na programu nyingine mbili za katuni, Synfig na Blender, zote zinayo, na hesabu yake ni kujumlisha tu, kwa hiyo naikubali.

Soft Light ninakushauri uiache. Ndani ya Krita kwenyewe utaikuta kwa hesabu zaidi ya moja, ya SVG (kiwango cha picha za wavuti) na ya Photoshop zikiwa mbalimbali. Ukilazimika, chukua ya SVG na umwandikie mwenzako hivyo. Color, Hue, Saturation na Luminosity nazo zinarudiwa katika makundi manne; zinazokaribia kiwango ni zile za kundi la HSY.

Hatua ya 4. Panga matabaka

Kutoka chini kwenda juu: mandhari, kivuli cha chini, kundi la boda, giza la usiku, mwanga.

Ndani ya kundi la boda weka tabaka la rangi chini na tabaka la mistari juu. Yape majina. "Layer 17" haitamsaidia mtu atakayepokea faili wiki ijayo, na mtu huyo huenda akawa wewe.

Hatua ya 5. Kivuli cha mwili, kwa Multiply

Ndani ya kundi la boda, juu ya tabaka la rangi na chini ya mistari, ongeza tabaka jipya uliite "kivuli mwili". Modi: Multiply. Kisha bonyeza alama ya alfa iliyo kwenye mstari wa tabaka hilo, ile ya Inherit Alpha. Kuanzia hapo, unachopaka hakitoki nje ya umbo la pikipiki na dereva.

Sasa rangi. Usipake kivuli kwa nyeusi, wala kwa kijivu. Jaribu zambarau ya baridi kama 120, 110, 160. Multiply huzidisha kila namba na mwenzake kisha hugawa kwa 255. Chukua udongo wetu mwekundu, tuseme 168, 84, 48. Chini ya zambarau hiyo unakuwa 79, 36, 30: kahawia iliyoiva ambayo bado ni udongo. Ungetumia Normal na kijivu, ungepata tope lisilo na jina. Wanafunzi wakiona tofauti hii mara ya kwanza, huacha kijivu wenyewe bila kushurutishwa.

Giza likizidi, usibadilishe rangi kila mara. Punguza Opacity ya tabaka, yaani kiwango chake cha kufunika kwa asilimia. Kwa mchana wa saa sita, jua linapopiga wima, kivuli kiwe kifupi na Opacity iwe juu, 80 hivi. Kwa asubuhi yenye ukungu, kama ule unaotanda Ziwa Bunyonyi, 30 inatosha.

Hapa pana makosa matatu yanayojirudia kuliko mengine yote.

La kwanza ni kubadilisha modi ya brashi badala ya modi ya tabaka. Orodha ya modi iko sehemu mbili: kwenye upau wa juu ni ya brashi, kwenye paneli ya Layers ni ya tabaka. Zinafanana kwa sura. Ukiweka Multiply ya juu, kila mpako utajizidisha juu ya mwingine ndani ya tabaka lilelile, na huwezi kuitoa baadaye.

La pili ni kuweka Inherit Alpha nje ya kundi. Alama hiyo hutazama kila kitu kilicho chini ndani ya kundi lake. Kama hakuna kundi, na mandhari yamejaa skrini nzima, basi umbo inalolifuata ni skrini nzima, na itaonekana kana kwamba haifanyi kazi.

La tatu ni kukusanya vivuli peke yake kwenye kundi. Watu wanaopenda unadhifu hufanya hivi: kundi la vivuli, ndani yake matabaka ya Multiply matupu. Kundi la kawaida huchanganya yaliyomo ndani kwanza, likiwa limefungwa. Vivuli havikuti kitu cha kuzidisha, vinakuwa Normal, na ndiyo hiyo rangi ya majivu unayoilalamikia. Dawa ni mojawapo ya mbili: weka kundi lenyewe kuwa Multiply na yaliyomo kuwa Normal, au washa Pass Through, alama ya ukuta wa matofali kwenye mstari wa kundi. Mimi nachagua ya kwanza, maana inasomeka vizuri zaidi kazi ikihamia programu nyingine.

Hatua ya 6. Kivuli cha chini

Tabaka lake liko nje ya kundi, kati ya mandhari na boda. Multiply, rangi ileile ya zambarau, bila Inherit Alpha. Likandamize liwe bapa chini ya magurudumu.

Hatua ya 7. Giza la usiku

Juu ya kundi la boda weka tabaka lililojazwa 60, 70, 120. Multiply. Mchana wako umekuwa usiku bila kugusa mchoro hata mmoja. Ukitaka jioni ya saa kumi na mbili na nusu, jaribu rangi ya chungwa iliyofifia kama 230, 160, 120 badala ya bluu.

Hatua ya 8. Taa na makaa

Mwanga lazima uwe juu ya giza. Nimeona kazi nzuri sana zikifa kwa sababu taa imewekwa chini ya tabaka la usiku, nayo ikazidishwa na bluu mpaka ikaonekana kama sarafu ya shaba.

Tengeneza matabaka mawili. Kwa makaa ya sigiri na mng'ao wake kwenye uso wa mpishi, tumia Screen na brashi laini ya rangi ya chungwa. Screen haivuki 255, inaukaribia tu, kwa hiyo mteremko wa rangi unabaki. Kwa kiini cha taa ya boda, tumia Addition, rangi ya njano hafifu, eneo dogo. Addition hujumlisha na kukata, kwa hiyo inageuka nyeupe haraka. Ukiipaka eneo kubwa utapata doa jeupe lenye kingo kali, na hakuna atakayeamini kwamba ni mwanga.

Overlay iweke akiba. Naitumia kuongeza joto kwenye ukuta wa kibanda, Opacity 20 hadi 30, basi.

Hatua ya 9. Fremu

Tabaka lisilo na fremu huonekana muda wote wa katuni. Kwa giza la usiku hilo ndilo tunalotaka. Kwa kivuli, hapana: boda itaondoka na kivuli kitabaki barabarani. Chagua tabaka la kivuli kwenye ratiba, bonyeza kulia, Create Duplicate Frame kila pikipiki inapobadilisha nafasi, kisha ukisogeze. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, michoro 12 kwa sekunde inatosha kwa mwendo huu. Kila mchoro ushikilie fremu mbili.

Modi yenyewe usipange kuibadilisha katikati ya katuni. Ukitaka mchana ugeuke usiku, acha tabaka la giza kwenye Multiply na upandishe Opacity yake taratibu kwa paneli ya Animation Curves. Makaa nayo yanapumua vizuri kwa njia hiyohiyo: Opacity ya Screen ikipanda na kushuka kati ya 60 na 85, bila mpangilio unaolingana.

Hatua ya 10. Kutoa na kuhamisha

Kwa video iliyokwisha: File, Render Animation, chagua Video. Kila kitu kinapikwa pamoja na hakuna wa kukuharibia rangi.

Kwa kumpa mwenzako matabaka: zima macho (alama za jicho kwenye paneli ya Layers) ya matabaka yote isipokuwa moja, pamoja na lile jeupe la Background, kisha Render Animation ukichagua Image Sequence, PNG, uhakikishe alfa inahifadhiwa. Rudia kwa kila tabaka. PNG haibebi modi. Kwa hiyo taja modi kwenye jina la folda: "03_kivuli_Multiply_80". Namba ya mbele ni mpangilio kutoka chini, ya mwisho ni Opacity. Ni desturi ndogo, na imezuia ugomvi mwingi.

Kwenye Synfig, chagua tabaka na utazame Blend Method kwenye paneli ya Parameters. Normal ya Krita huko ni Composite. Multiply, Screen na Overlay zina majina yaleyale. Addition ni Add. Lighten ni Brighten. Mahali pa Inherit Alpha, Synfig ina Onto, ambayo huchora tu palipo na kitu chini. Usiguse Straight mpaka uijue: inafuta kilicho chini na kuweka chake, pamoja na sehemu zake tupu. Color Dodge, Color Burn na Soft Light hutazikuta kwenye orodha hiyo, sababu nyingine ya kubaki na zile tano.

Kwenye Blender, matabaka ya Grease Pencil, zana yake ya kuchora katuni bapa, yana Regular, Hard Light, Add, Subtract, Multiply na Divide. Screen na Overlay hazimo. Makaa yako ya Screen yapike ndani ya Krita kwanza. Na kabla hujalaumu modi, ingia Color Management na uweke View Transform kuwa Standard. Tangu Blender 4.0 chaguo la mwanzo ni AgX, linalofifisha rangi za katuni bapa.

Kwenye OpenToonz, programu nyingine ya katuni, mchanganyo hufanywa kwa Fx unazounganisha kwenye Schematic. Kanuni ni zilezile, mikono tu ndiyo inabadilika.

Kwa wanaochora kwenye karatasi

Wengi wanaanza na penseli na simu. Piga picha mchana karibu na dirisha, ilete Krita, uweke tabaka hilo juu kwa Multiply: karatasi inapotea, mistari inabaki, unapaka rangi chini yake. Ila karatasi ya kwenye picha huwa kijivu, si nyeupe, na kijivu chini ya Multiply kinachafua kila kitu. Kwanza Filter, Adjust, Levels, usogeze kishale cha nyeupe mpaka karatasi isome 255.

Mambo yakikwama

*Nimeweka Multiply na hakuna kilichobadilika.* Tabaka ni jeupe, au umebadilisha modi ya brashi. Soma rangi ya tabaka kwa P.

*Kivuli kina mstari mweupe pembeni.* Tabaka la rangi chini ya mistari halijafika chini ya wino. Panua rangi pikseli mbili tatu kuingia chini ya mstari.

*Brashi inafuta badala ya kupaka.* Umebonyeza E bila kujua. Bonyeza tena.

*Kivuli kinaonekana Krita lakini kwenye Synfig ni bapa na kizito.* Mwenzako ameingiza PNG na kuiacha Composite. Arudi kwenye jina la folda.

*Uchezaji unakatakata.* Si kosa la modi. Punguza ukubwa wa picha kwenye faili la mazoezi, au zima macho ya Screen na Addition unaporekebisha mwendo, uyawashe wakati wa kutoa.

*Rangi ni sawa kwenye kompyuta, kwenye simu ni tofauti.* Toa fremu za vile vijivu viwili vya hatua ya 2, moja kwa Multiply, moja kwa Screen na moja kwa Addition, zifungue Krita na usome namba. Zikiwa 100, 228 na 255, faili liko sawa, tofauti ni ya kioo cha simu, na hakuna modi itakayoirekebisha.